Siku Haina Punguzo

Gari lililogongwa likifikishwa gereji Gungu, mjini Kigoma, mapatano huwa mawili. Ya kwanza ni ya bei. Fundi analizunguka gari, anagonga fenda kwa vidole, anachungulia chini ya bampa, anataja laki sita. Mwenye gari anaguna, anataja laki tatu na nusu, wanasukumana mpaka wanakutana kwenye laki nne na themanini. Ya pili ni ya siku.

"Lini sasa, fundi?"

"Nipe wiki tatu, bosi wangu."

"Wiki tatu! Ijumaa hii nina abiria wa Kasulu."

"Basi tufanye Jumatano ya wiki ijayo."

"Jumatatu."

"Haya, Jumatatu. Njoo jioni, bosi."

Advansi inatoka, mikono inapeanwa. Jumatatu jioni mwenye gari anafika na kukuta mlango umeng'olewa na kuegemezwa ukutani, taa hazipo, na kijana wa msasa anamwambia fundi mkuu ametoka kidogo. Simu inaita bila kupokewa. Kuanzia hapo anayoyasimulia mjini, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, ni yale yale tuliyoyazoea: mafundi waongo.

Sikatai kwamba Jumatatu ile ilikuwa ya uongo. Ninachokataa ni kwamba fundi aliitunga peke yake. Fundi alianza na wiki tatu, ambazo pengine ndizo zilizokuwa kweli, na mteja akamshusha hatua kwa hatua kama alivyomshusha kwenye bei. Tofauti ni kwamba bei ni ya fundi mwenyewe. Akipunguza laki moja, anaitoa kwenye faida yake, jioni anarudi nyumbani na fungu dogo, lakini gari haliathiriki. Siku alizozipunguza hakuwa nazo. Ziko mikononi mwa rangi, mvua, basi la kutoka Dar es Salaam, umeme, na mteja mwingine ambaye bado hajalipa. Akilazimishwa kuzipunguza kweli, atazikata kwenye gari lenyewe, na mwenye gari hatajua mpaka masika.

Tuingie kwenye kazi. Wengi wetu tunadhani kunyoosha bodi ni kama kupiga pasi: mkunjo unaonekana, unapita juu yake, umekwisha. Kumbe nyundo ndiyo inayochukua muda mfupi kuliko vyote. Fenda iliyobonyea inaweza kurudi kwenye umbo lake kwa asubuhi moja kama fundi anajua kazi. Baada ya hapo inakuja puti, ambayo ikichanganywa vizuri na hadina yake hukauka kwa nusu saa au chini ya hapo. Lakini haipakwi mara moja. Inapakwa, inapigwa msasa, inaonekana bonde, inapakwa tena. Puti hunywa maji, kwa hiyo fundi anayeipiga msasa wa maji halafu akaifunika kwa praima kabla haijakauka amefungia unyevu juu ya bati. Mteja ataondoka na gari linalong'aa, na baada ya miezi kadhaa rangi itaanza kutoa malengelenge, kutu ikifanya kazi yake chini kwa chini.

Praima nayo inataka kukauka kabla ya kulainishwa. Rangi haipulizwi koti moja. Kati ya koti na koti kuna dakika za kuacha thina iruke. Ukizikata, thina inabaki ndani na baadaye inatafuta njia ya kutokea. Rangi hunywea, na mikwaruzo ya msasa uliyodhani imefunikwa inaanza kujitokeza juani. Ukipaka klia ya 2K, yaani ile inayochanganywa na hadina, viwanda vyenyewe vinaelekeza nusu saa au zaidi kidogo katika chumba chenye joto la nyuzi 60, au usiku mzima kwenye hewa ya kawaida. Gereji zenye chumba cha kuokea rangi zinanunua muda kwa umeme. Gereji ya chini ya mwembe, na nyingi za Gungu ni za namna hiyo, hulipa kwa usiku.

Kuna pia suala la kufananisha rangi. Kila Toyota ina namba ya rangi yake kwenye kibati, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. 040 ni nyeupe ya kawaida na haisumbui sana. 1F7 ni fedha yenye chembe za metali, na hizo chembe zikilala vibaya, fenda mpya itaonekana ya gari jingine. Ndiyo maana fundi mzuri hupuliza fenda na kuififisha rangi mpaka mlangoni, na mteja anapokuja analalamika: nilikupa fenda, mlango umeugusa wa nini? Halafu kuna 070, nyeupe ya lulu inayopendwa kwenye magari ya wenye nazo, ambayo ni tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu katikati, klia juu. Idadi ya makoti ya lulu ndiyo inayoamua rangi ya mwisho, kwa hiyo fundi inambidi ajaribu kwanza kwenye kipande cha bati. Mwenye 070 anayetaka siku zile zile alizopewa mwenye 040 anaomba gari lake liharibiwe kwa adabu.

Haya yote yangefanyika popote. Kigoma ina ya kwake. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inaihesabu mikoa ya magharibi katika msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo hewa ya pwani ya ziwa huwa nzito. Rangi inayopulizwa kwenye unyevu hupauka, inapata ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Fundi anasubiri jua, jua linatoka saa tano, saa nane wingu linatanda tena juu ya milima ya Kongo. Kiangazi nacho kina vumbi, na utamwona kijana akimwaga maji chini kabla ya kupuliza ili vumbi litulie. Kompresa inataka umeme, na mkoa huu uliishi miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, ukitegemea majenereta ya dizeli. Mafundi wakubwa kwa umri hawajasahau kazi iliyokatika katikati ya koti na kulazimika kuanza upya.

Spea nazo. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, takriban kilomita 1,250 kutoka baharini, na umbali haujapungua tangu siku hiyo. Fundi anapiga picha ya taa iliyopasuka, anaituma kwa mtu wake Ilala au Gerezani, anajibiwa ipo, pesa inakwenda kwa simu, mzigo unapandishwa basi. Ukifika, wakati mwingine ni taa ya toleo la kabla ya mabadiliko ya sura, miguu yake haikai. Picha zilifanana. Inarudi Dar, inakuja nyingine. Hakuna aliyedanganya hapo, na wiki imekwisha.

Na kabla ya yote hayo kuna lile ambalo halionekani mpaka gari lifunguliwe. Kigoma inapaswa kulijua hili kuliko miji mingine, kwa sababu kazi kubwa kuliko zote za bodi iliyopata kufanyika mjini hapa ilikuwa ya meli. Wajerumani waliizamisha Graf von Goetzen kwa makusudi Julai 1916 wakati Wabelgiji wakikaribia. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaikuta mitambo yake ikiwa bado mizima, maana walioizamisha waliipaka grisi kwanza. Pamoja na bahati hiyo, ilirudi safarini mwaka 1927 tu, ikiwa na jina la Liemba. Mtu aliyesimama ufukweni siku ilipoelea angeweza kusema miezi sita. Hakuwa ameingia ndani yake. Bampa ya Noah ni kitu kidogo mbele ya meli, lakini nyuma yake kuna sapoti ya rediata, kuna feni, kuna ncha ya chasisi iliyosogea kidole kimoja, na hakuna jicho la getini litakaloviona.

Sababu ambayo mafundi hawaisemi kwa mteja, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayokula siku nyingi kuliko mvua na reli, ni pesa. Gereji ya mtaani haina mtaji wa kuzungusha. Fundi hana stoo ya rangi wala akaunti ya mkopo kwa muuza spea. Mtaji wake ni advansi za wateja. Ukimpa laki mbili leo za kununulia boneti yako, kuna gari la mtu mwingine limebakiza klia tu, na mwenye gari huyo amekuwa akipiga simu tangu alfajiri. Laki mbili zako zinanunua klia yake. Yeye akija kuchukua gari, salio lake ndilo litakalonunua boneti yako. Akija. Wengi hawaji siku hiyo, kwa sababu walikuwa wakiomba gari liishe upesi huku wakijua mfuko hauko tayari, na gari lililokwisha linakaa uani wiki nzima likingoja mwenyewe apate mshahara. Kwa hiyo magari sita uani si foleni ya kazi, ni foleni ya madeni, kila moja likisubiri fedha za jingine. Mteja wa mwisho anaulizia siku yake bila kujua kwamba inategemea mtu asiyemfahamu kabisa.

Fundi angelisema hili wazi, ingesaidia. Halisemi kwa sababu linasikika kama wizi. Si wizi kama anavyoliona yeye, maana boneti itanunuliwa. Lakini mwenye boneti hakuulizwa kama anataka kumkopesha jirani.

Anayeumia zaidi katika mzunguko huu si mwenye Harrier anayepanda bajaji kwa wiki mbili huku akilalamika. Ni dereva wa Noah ya abiria ambaye kila jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri. Gari likilala gereji, hesabu haipo, chakula cha nyumbani hakipo, na tajiri akichoka kusubiri anampa gari mtu mwingine. Huyu hakuhitaji Jumatatu. Alihitaji kujua ukweli mapema, siku ile ile, ili atafute deiwaka kwenye gari jingine kwa wiki tatu. Ahadi ya uongo ilimfanya azurure uani siku nane akingoja kitu ambacho kingefika siku ya ishirini.

Watu wa bima kubwa nao wana hadithi yao. Gari linafikishwa gereji siku ya ajali, na kichwani mwa mwenyewe saa imeanza kuhesabu. Kumbe bado kuna ripoti ya polisi, makadirio ya gereji, mkaguzi wa hasara, na idhini ya kampuni, na fundi haruhusiwi kugusa boliti hata moja kabla ya hapo. Lawama zote zinamwangukia yeye kwa sababu ndiye anayeonekana.

Je, fundi akiachwa atabiri kwa uhuru, bila kushushwa, atapatia? Hapana, na si kwa sababu ni wa Gungu. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 33.9. Walipoambiwa wakadirie kama kila kitu kitaharibika, walisema 48.6. Walitumia 55.5. Ina maana hata walipojilazimisha kuwaza mabaya, ukweli uliwapita kwa karibu wiki nzima. Na wale walikuwa wakikadiria kazi yao wenyewe, mezani, bila mvua wala mtu wa kuwashusha. Jengo la opera la Sydney, lenye wahandisi wa kila namna, lilipangwa kukamilika 1963, lilifunguliwa 1973. Kwa hiyo hata zile wiki tatu za kwanza za fundi wetu zina matumaini mengi ndani yake. Mteja anayezikata nusu anakata kitu ambacho tayari ni kifupi.

Kuna wanaosema watu wetu hawana subira, ndiyo maana fundi analazimika kudanganya. Siamini. Watu wa ukanda huu wanasubiri vizuri sana wakiambiwa wanasubiri nini. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa kuwa taa zao hazina nguvu ya kushindana na mbalamwezi; hakuna mama wa Kibirizi anayemwita mvuvi mwongo kwa sababu hiyo. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu, katika mji unaokula na kuuza samaki. Ilikuwa chungu, na manung'uniko yalikuwepo, lakini tarehe ilitajwa mapema na watu wakapanga maisha yao kuizunguka. Mtu aliyestahimili miezi mitatu bila mgebuka atastahimili wiki tatu bila Probox. Asichostahimili ni kuambiwa kesho mara tisa.

Sheria iko upande wa akili ya kawaida hapa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kama muda haukutajwa katika makubaliano, kazi ifanyike ndani ya muda unaofaa, na muda gani unafaa ni jambo la kuangaliwa kwa mazingira ya kila kazi. Maana yake hakuna anayemlazimisha fundi kutaja siku getini. Sheria hiyo hiyo inampa mtu aliyeitia kazi yake kwenye mali ya mwenzake haki ya kuishikilia mpaka alipwe, kwa hiyo mteja anayedhani atachukua gari kwa maneno matamu siku ya mwisho naye ajue alipo. Ila kesi za namna hii hazifiki mahakamani. Hazina karatasi. Mtu anakabidhi gari la milioni kumi na tano kwa maneno, jambo ambalo hangelifanya hata kwa kuku.

Sasa nafikia ninachokitaka, nacho ni kidogo. Fundi asitaje siku ya kumaliza gari ambalo hajalifungua. Ataje siku ya jibu: leo nalifungua, keshokutwa saa nne nakupigia. Keshokutwa saa nne apige kweli, hata kama jibu ni baya, na hapo ndipo aseme kunyoosha ni siku fulani, puti na praima siku fulani, rangi itategemea taa ikifika na jua likitoka. Aandike kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kioo cha mbele, ili hata kijana wa msasa aliyeachwa zamu aweze kumjibu mteja kitu chenye maana. Kama taa imekuja mbovu, mteja apate habari hizo siku hiyo hiyo kutoka kwa fundi, kabla hajaja kuzisoma mwenyewe kwenye gari lisilo na macho.

Mteja naye alipe spea moja kwa moja kwa muuzaji. Fundi achague, kwa kuwa ndiye anayejua taa ya kushoto ya toleo lipi inakaa. Pesa iende Ilala kutoka kwenye simu ya mwenye gari. Hilo peke yake linakata ule mzunguko wa kukopeshana bila kuulizana. Linamuumiza fundi mwanzoni, sitaficha, kwa sababu linamnyang'anya mtaji pekee alio nao. Itabidi malipo ya ufundi yafuate hatua: kazi ya nyundo ikiisha alipwe ya nyundo, praima ikikauka alipwe ya praima, na si kungoja salio zima siku ya funguo. Na gari likikaa uani baada ya kwisha, kuwe na ada ya kila siku iliyokubaliwa tangu mwanzo. Fundi akichelewa bila sababu ya spea wala mvua, ada hiyo hiyo ikatwe kwake.

Niliwahi kumweleza fundi mmoja mpango huu akacheka. Akasema, mzee, mimi nikimwambia mtu wiki tatu, anavuka barabara. Yule wa ng'ambo atamwambia Ijumaa, na advansi anabaki nayo yeye. Ana haki ya kucheka. Gereji moja ikisema kweli katikati ya gereji kumi zinazosema Ijumaa, itakufa njaa kabla sifa yake haijaenea. Ndiyo maana naona haya hayawezi kuanza kwa fundi, hata kama lawama zote ziko kwake.

Yaanze kwa wenye magari mengi: mashirika yanayopeleka Land Cruiser Kasulu na Kibondo, shule zenye mabasi, matajiri wenye Noah tano barabarani. Hawa wanarudi gereji kila baada ya miezi michache, na wanaweza kuweka daftari la nani alisema siku gani na akamaliza siku gani. Wakianza kuchagua gereji kwa daftari hilo badala ya kumchagua anayetaja siku fupi, fundi wa wiki tatu atapata wateja bila kuvuka barabara kuwafuata. Mwenye gari moja hana nguvu hiyo. Yeye, akitajiwa wiki tatu, badala ya kusema Ijumaa aulize: wiki ya kwanza utafanya nini, ya pili nini, ya tatu nini? Fundi mwenye majibu ataanza kuyataja hapo hapo, kidole kikiwa juu ya bati. Asiye na majibu atasema, bosi, tufanye Ijumaa.